Peru au Bolivia: Namna ya Kuchagua kwa Mpiga Picha Mwenye Siku Chache

Mpiga picha wa Mtwara au Lindi anayepanga safari fupi ya Amerika ya Kusini, akishabaki na Peru na Bolivia mezani, kwa kawaida huzilinganisha kwa picha alizoziona mtandaoni. Ningemshauri aanze na kalenda. Nchi hizo zinapakana, na katika milima yao mvua hunyesha kuanzia Novemba hivi hadi Machi. Lakini mvua ile ile inayoharibu picha za Peru ndiyo inayotengeneza picha za Bolivia.

Wengi wetu huku hupata fedha na nafasi baada ya minada ya korosho, yaani Januari au Februari. Wakati huo Machu Picchu, mji wa kale wa Wainka katika milima ya Peru, hufunikwa na mawingu kwa saa nyingi, na njia ya miguu ya Wainka inayoelekea huko hufungwa Februari yote, ingawa magofu yenyewe huendelea kupokea wanaofika kwa treni. Katika miezi hiyo hiyo uwanda wa chumvi wa Uyuni huko Bolivia, wenye zaidi ya kilomita za mraba 10,000, hutandwa na maji ya kina kifupi, na upepo ukitulia mawingu yote huonekana chini ya miguu yako. Picha hiyo haipatikani Julai. Mwenye likizo ya Juni hadi Agosti achague Peru, kwa kuwa milima huwa mikavu na anga huwa safi. Uyuni ya majira hayo ina uzuri wake wa chumvi iliyopasuka kwa maumbo ya pembe sita, lakini baridi ya usiku hushuka chini ya sifuri na kumaliza betri upesi.

Baada ya kalenda, hesabu siku, kwa sababu mwinuko huzila. Sisi tumezoea usawa wa bahari, na hata Newala si mlima wa kumwandaa mtu kwa Uyuni, iliyo mita 3,650 hivi, wala kwa uwanja wa ndege wa El Alto, huko huko Bolivia, unaopita mita 4,000. Kichwa huuma, usingizi hukatika, na mtu aliyechoka hapigi picha nzuri alfajiri. Peru ina huruma zaidi: ukitua Cusco, mita 3,400, unaweza kuteremka siku hiyo hiyo hadi Ollantaytambo, mita 2,800 hivi, na Machu Picchu iko chini zaidi. Kwa maoni yangu, asiye na siku sita kamili za kukaa huko asiende Bolivia hata kama ni Februari. Aende pwani ya Peru, ambako Januari na Februari ni miezi ya jua: Paracas, yenye jangwa linaloishia baharini, visiwa vya Ballestas vyenye ndege wengi na simba wa baharini, na vilima vya mchanga vya Huacachina, vyote kwenye mwinuko mdogo.

Vifaa navyo vina neno. Machu Picchu huingiwa kwa tiketi ya saa na njia maalumu, hivyo soma kwanza ni njia ipi inayopita juu penye mandhari yote. Stendi ya miguu mitatu na droni haviruhusiwi. Uyuni stendi ni ya lazima kwa picha za nyota, ila ioshe kwa maji yasiyo na chumvi kila jioni. Aliyewahi kupiga picha kwenye mashamba yetu ya chumvi anajua chuma huliwa kwa kasi gani, na hapo ndipo pa kufanyia mazoezi ya taswira za majini kabla ya kuondoka.

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Dar es Salaam. Njia mojawapo hupitia Addis Ababa na São Paulo, kwa hiyo ondoa siku mbili za kwenda na mbili za kurudi kabla ya kuhesabu siku za kazi. Ulizia viza ya nchi uliyochagua kabla ya kulipia tiketi, na beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano.