Kupanda Mlima kwa Gari la Kale: Kuanzia Ukaguzi hadi Kuteremka

Katika mbio za kupanda mlima, magari huondoka moja moja na kila dereva hushindana na saa. Shelsley Walsh nchini Uingereza, ambako mbio za aina hii zimekuwa zikifanyika tangu mwaka 1905, njia nzima ni mita 914 tu, na gari zuri lililoundwa kabla ya 1931 laweza kuimaliza chini ya dakika moja. Njia ikiwa fupi hivyo, kosa ulilolifanya kwenye kuondoka hutalifidia huko juu. Kwa hiyo mgeni wa mbio hizi asianze kwa kuongeza nguvu za injini. Aanze na mafuta, klachi na breki.

Soma kanuni za waandaaji kabla ya kulipa ada. Angalia gari lako linaingia kundi gani kwa mwaka na ukubwa wa injini, leseni gani inatakiwa, na kofia ngumu na nguo za kuzuia moto ziwe za viwango gani. Kofia iliyokwisha muda haipiti, hata kama haina mkwaruzo.

Mkaguzi ataanza na usukani: atalitikisa gurudumu la mbele akitafuta ulegevu kwenye maungio, na kila nati ya hapo awe ameiona splitpini yake. Akseleta iwe na springi mbili, ili moja ikikatika nyingine ifunge kabureta. Betri ifungwe isicheze, swichi ya kuzima injini iandikwe wazi, na bomba la kupumulia injini liingie kwenye kopo la kukinga oili. Magurudumu ya spoki yagonge kwa spana ndogo, spoki moja moja: iliyokaza hulia, iliyolegea hutoa sauti butu. Mahali pengi hutakiwa pia kipande cha bati cheusi, kimesimama wima mbele ya gari, cha kukata mwale wa mwanga unaoendesha saa. Bila hicho, saa inaweza kuanzishwa na tairi au kiungo kingine chochote cha mbele.

Sasa mafuta, maana hapa ndipo magari mengi mazima hukwama. Lita 10 za petroli zina uzito wa kama kilo 7.5, kwa hiyo kila mtu hupenda kupanda na tangi karibu tupu. Lakini kama tangi lako halina pampu na mafuta hushuka yenyewe, mteremko wa gari huyapeleka nyuma, na usawa wake waweza kuwa chini kuliko kabureta. Gari linalotumia Autovac, yaani kitangi kidogo kinachovuta petroli kutoka tangi kuu, lina tatizo la aina nyingine. Kitangi hicho hujazwa kwa mvuto wa hewa wa injini, na ukikanyaga mafuta hadi mwisho mvuto huo hupungua mno. Kwa sekunde chache kilichomo humo kinatosha. Mlima ukiwa mrefu, injini itakohoa kisha izime. Hakikisha kimejaa kabla ya kuingia foleni, na kwenye mlima mrefu legeza mguu kidogo kila unapobadili gia.

Siku ya mbio, panda njia kwa miguu. Chuchumaa mahali panapolingana na kimo cha kiti chako utazame kila kona: ukuta mdogo unaoonekana chini ya goti ukisimama huziba nusu ya kona ukiwa umekaa. Tia alama akilini mahali pa kufunga breki, na pale penye kivuli cha miti ambapo lami hubaki na unyevu.

Pasha injini moto hadi oili nayo ipate joto, si maji peke yake. Kwenye mstari msimamizi ataweka kabari nyuma ya gurudumu, hivyo huhitaji hendibreki. Taa ya kijani ikiwaka usikurupuke: kwa kawaida saa huanza pale gari linapokata mwale, na kuchelewa nusu sekunde hakukugharimu kitu. Pandisha mizunguko ya injini kiasi, achia klachi mfululizo lakini usiiachie ghafla. Wanaoiachia kwa kishindo ndio wanaokata hafushafti (mhimili unaozungusha gurudumu), na hafushafti ya gari la miaka ya 1920 haipatikani dukani.

Giaboksi isiyo na singronaiza (kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia) inataka utulivu. Kushusha gia: kanyaga klachi, toa gia, achia klachi, piga mafuta kidogo, kanyaga tena, ingiza. Fanya hivyo kabla ya kona, gari likiwa limenyooka. Breki za kebo huvuta upande ukizikanyaga huku usukani umekatwa. Ukiona bendera nyekundu, simama hapo hapo hata kama unaona njia iko wazi.

Ukivuka mstari wa mwisho, punguza mwendo mapema, kwa sababu nafasi ya kusimama mara nyingi ni fupi. Ukiegesha huko juu usivute hendibreki ngoma za breki zikiwa za moto, zisije zikapinda au kunata. Weka gia na kabari. Teremka kwa gia ya chini.

Kati ya zamu na zamu, kaza nati za magurudumu, gusa kila ngoma (moja ikiwa baridi kuliko wenzake, breki yake haifanyi kazi), kisha toa plagi. Rangi ya kahawia hafifu ni sawa. Nyeupe ina maana mafuta ni machache: ongeza jeti ya kabureta (kitundu cha kupitisha petroli) ukubwa mmoja kabla ya zamu ijayo. Ikiwa nyeusi yenye masizi, usiguse kabureta mpaka uhakikishe choki imerudi kabisa mahali pake.