Barua Inaposema "It Has Been Decided"

Barua iliyonitoa jasho mwaka wangu wa kwanza Uingereza ilikuwa na mistari minne tu. Katikati yake palikuwa na sentensi hii: "It has been decided that your hours will be reduced." Maneno yote niliyajua. Nilichokosa ni aliyeamua, na mlango wa kubisha. Nikaitia barua kwenye droo. Wiki iliyofuata nikakuta nimepangiwa zamu tatu badala ya tano, na kodi ya chumba ikawa ile ile.

Ukiwa umefika ngazi ya kati ya Kiingereza, yaani B1 au B2 kwa vipimo vya Ulaya vinavyotumiwa pia kwenye mitihani ya viza, huna shida tena ya kununua mkate au kuuliza njia. Shida iko kwenye karatasi: barua za mwajiri, mwenye nyumba, shule ya mtoto, idara ya uhamiaji. Karatasi hizo zimejaa kauli ya kutendwa, na ndiyo maana naisisitiza kuliko msamiati wowote mgumu.

Kauli hiyo tunayo tangu utotoni. Andika, andikwa. Kataa, kataliwa. Sisi tunaipachika -wa mwishoni mwa kitenzi, basi. Kiingereza kinaigawa kazi mara mbili: "be" inabeba wakati, na kitenzi kinakaa katika umbo lake la tatu (kama "written" katika "write, wrote, written") bila kubadilika. "Was refused", "has been refused", "will be refused": kinachosogea ni kile kipande cha mbele tu. Kwa hiyo usikariri sentensi nzima nzima. Kariri umbo la tatu la vitenzi vya barua: "granted" ni kukubaliwa au kupewa, "refused" ni kukataliwa, "withheld" ni kuzuiliwa, kama malipo, "withdrawn" ni kuondolewa, kama ofa ya kazi.

Kuna maumbo mawili ya Kiingereza yanayofanana, na ni rahisi kuyachanganya. "Ombi lako linashughulikiwa" huwa "is being processed", maana yake bado liko mezani. Ukiona "has been processed", wameshamaliza, na jibu limo humo humo au liko njiani. Watu wameendelea kusubiri miezi kwa kulipita neno hilo moja haraka.

Sasa mitego, na hii inatoka kwenye lugha yetu wenyewe. Tunasema "nimeibiwa simu", tukaenda polisi kusema "I was stolen my phone". Kwa Kiingereza kilichoibiwa ni simu: "My phone was stolen." Wewe mwenyewe ukitaka kuwa mtendwa, sema "I was robbed", lakini hilo linabeba nguvu au vitisho, na polisi watakuuliza nani alikushambulia. "Nimefiwa na baba" haiwezi kuwa "I was died". Sema "My father has died", na bosi ataelewa unaomba ruhusa ya msiba. "Nilielezewa" pia inatukwaza. "I was explained" haipo, bali "It was explained to me". Ila "nilipewa", "niliambiwa" na "niliahidiwa" zinaingia moja kwa moja: "I was given", "I was told", "I was promised". Hizo tatu zitumie sana ukidai haki yako, kwa sababu zinasema jambo bila kumnyooshea mtu kidole.

Vilevile tenganisha kuvunjika na kuvunjwa. Kitu kikivunjika chenyewe kazini, sema "It broke". Ukisema "It was broken", anayekusikiliza anaweza kuanza kumtafuta aliyekivunja.

Zoezi lililonisaidia kuliko darasa lolote ni hili. Chukua mkataba wako wa nyumba na penseli. Kila penye kauli ya kutendwa, andika pembeni jina la mtendaji. "The flat must be kept clean": mimi. "Repairs will be carried out": mwenye nyumba. "The deposit must be protected": mwenye nyumba tena, na kwa upangaji wa kawaida wa nyumba za binafsi England na Wales, sheria inamtaka aiweke amana kwenye mpango ulioidhinishwa na serikali ndani ya siku 30 tangu aipokee. Pasipo na jina pembeni ndipo pa kuuliza: "By whom?"

Upande wa pili ni uamuzi wako wewe. Sisi huitikia "sawa", "haya", "eeh", kumwonyesha mzungumzaji kwamba tunamfuata. Hilo ni adabu njema. Lakini "OK" na "yes" mbele ya meneja au daktari huweza kuchukuliwa kuwa umekubali. Ukitaka kusema nimekusikia, sema "I see" au "I understand". "I agree" iweke akiba mpaka umekata shauri kweli.

Na kama hujakata? "I haven't made up my mind yet." "Can I let you know by Friday?" Kutaja siku kunasaidia sana, maana "we'll see" yetu ya "tutaona" huweza kusikika kama kukwepa. "Let me sleep on it" ni kuliacha jambo mpaka kesho. "I'd like to discuss it with my family first" ni sentensi ya heshima kamili, usione haya kuitamka. Kupendelea ni "I'd rather", na kitenzi kinafuata bila "to": "I'd rather work mornings." Kuamua kutofanya ni "I've decided against it". Uamuzi wenyewe, tumia "make a decision", kamwe si "do", hata kama sisi tunasema kufanya uamuzi. Ukighairi, "I've changed my mind" inatosha.

Ukipata barua ya uamuzi usioridhika nao, tafuta kwanza tarehe iliyoandikwa juu yake, kabla hata ya kamusi. Kwa misaada mingi ya serikali Uingereza, kuomba uamuzi uangaliwe upya kwa kawaida kuna mwezi mmoja tangu tarehe hiyo. Barua za uhamiaji zina siku zake na mara nyingi ni chache. Hizo mpelekee mshauri mwenye kibali siku hiyo hiyo. Nyingine unaweza kuzijibu mwenyewe kwa mistari kama hii, ambayo mimi sikuwa nayo wakati ule:

"I am writing about the decision in your letter. I do not agree with it. Could you tell me who made it, and on what grounds? I would like it to be reconsidered."

Isome kwa sauti mara tatu kabla ya kuituma, kisha piga picha ya nakala yako.