Somo: Kupima tangawizi kwa kichefuchefu cha mimba

Wakuu, tangawizi inasifiwa kutibu kila kitu. Leo nashika kichefuchefu tu, maana hapo utafiti umesimama vizuri.

Mwaka 2001, watafiti wa Chiang Mai, Thailand, walichapisha majaribio yao kwa wajawazito 70 ambao mimba zao hazijafika wiki 17. Wengine walipewa kapsuli za unga wa tangawizi, gramu 1 kwa siku. Wengine walipewa kapsuli za sura ileile zisizo na dawa, na hakuna aliyejua kapewa ipi. Kwa waliofuatiliwa hadi mwisho, nafuu ya kichefuchefu waliipata 28 kati ya 32 wa tangawizi, na 10 kati ya 35 wa upande wa pili. Hao 10 waangalieni sana: walipata nafuu bila tangawizi. Ndiyo maana ushuhuda wa jirani peke yake hautoshi.

Hatua ya 1: Tafuta tangawizi kavu iliyosagwa, yenye harufu kali bado.

Hatua ya 2: Chota nusu kijiko cha chai, sawazisha juu kwa kisu. Ni karibu gramu 1, na ndiyo ya siku nzima.

Hatua ya 3: Tia kwenye chupa ya chai pamoja na vikombe 4 vya maji ya moto. Kunywa kimoja baada ya kila mlo, cha nne kabla ya kulala. Tikisa kila unapomimina, unga hutuama chini na kikombe cha mwisho kitakuunguza koo.

Hatua ya 4: Kama hata maji hayakai tumboni, au mkojo umekuwa kidogo na wa rangi nzito, acha chupa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarin, amuulize daktari kwanza.

MASWALI

Mkuu, mbichi haifai?
Inafaa, ila vipimo vya utafiti ule ni vya kavu. Mbichi ina maji mengi, na ikikaushwa sehemu ya jinjeroli (kiambato kinachoipa tangawizi ukali) hugeuka shogaoli, kiambato kingine ambacho ni kikali zaidi. Usibadilishe gramu kwa gramu.

Mimi inaniletea kiungulia.
Pole dada. Inatokea hasa tumbo likiwa tupu. Punguza, na kikizidi iache.

Mama yangu magoti yanamsumbua, nimpe?
Mwaka 2001 pia walipimwa watu 261 wenye maumivu ya magoti Marekani. Maumivu yalipungua kwa 63 katika kila 100 waliopewa kapsuli za dondoo la tangawizi (yaani kiini kilichotolewa kwenye mmea), na 50 katika kila 100 wa kapsuli tupu. Tofauti ni ndogo, na dondoo lenyewe lilichanganywa na mmea mwingine wa jamii ya tangawizi. Anywe chai yake akipenda, lakini dawa za kliniki asiziache.