Poti Imeelekezwa, Seva ya Nyumbani Bado Haifikiki kutoka Nje: Namna ya Kutafuta Pakiti Inapokwama

Malalamiko huwa ni yaleyale: seva iko nyumbani, inafunguka vizuri kwa Wi-Fi ya nyumbani, kanuni ya kuelekeza poti (namba inayotambulisha huduma kwenye seva) imeshaandikwa kwenye ruta, lakini ukitoka nje ukurasa unazunguka tu hadi kivinjari kinakata tamaa. Wengi hapo huirudia ruta, wakafuta kanuni na kuiandika upya, wakawasha DMZ (hali ya ruta inayopeleka kila kinachotoka nje kwa kifaa kimoja) na kuzima ngome nzima (firewall), na hata mambo yakikubali hawajui ni kipi kilichosaidia. Njia iliyo bora ni kuifuatilia pakiti, yaani kipande cha data kinachosafiri mtandaoni, mpaka pale inapokwama, kisha kurekebisha hapo tu. Mfano wetu ni seva ya Debian (aina ya Linux) yenye Nextcloud (programu ya kuhifadhi mafaili), anwani ya ndani 192.168.1.50, poti 443 ya TCP.

Hatua ya 1: Hakikisha una anwani ya umma

Anza hapa kabla ya kugusa kitu kingine, kwa sababu jibu likiwa baya, hatua zinazohusu ruta hazitakusaidia. Fungua ukurasa wa hali ya ruta usome anwani ya IP iliyo upande wa WAN, yaani upande wa intaneti, kisha kwenye kompyuta yoyote ya nyumbani isiyotumia VPN (njia ya siri inayopitia seva nyingine) andika amri hii ili kuona anwani unayoonekana nayo nje:

curl -4 ifconfig.me

Namba hizo mbili zikilingana, nenda hatua ya 2. Zisipolingana, itazame ile ya WAN. Ikiwa iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma wako anatumia CGNAT, yaani wateja wengi wanagawana anwani moja ya umma. Fungu hilo la namba lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa, anwani za IPv4 zilipokuwa zinaadimika. Hali hiyo ni kama kutumia sanduku la posta la shule: barua inafika shuleni, lakini hakuna aliyeambiwa kwamba ni yako. Pakiti inaishia kwenye mtambo wa mtoa huduma, na kanuni za ruta yako haziufikii mtambo huo. Intaneti ya laini ya simu mara nyingi iko hivi.

Anwani inayoanza na 10, na 192.168, au na 172.16 hadi 172.31, nayo ni ya ndani, ila huenda tatizo limo humohumo nyumbani: kifaa cha faiba kinafanya kazi ya ruta, na wewe umeweka ruta yako nyuma yake. Endesha traceroute -n 1.1.1.1, inayoonyesha vituo ambavyo pakiti inapitia; ikiwa kituo cha pili ni anwani kama 192.168.100.1 na inafunguka kwenye kivinjari chako, hicho ni kifaa cha faiba. Omba kiwekwe katika hali ya bridge, yaani kipitishe tu data bila kufanya kazi ya ruta, au uelekeze poti mara mbili, kwanza kwenye kifaa hicho na kisha kwenye ruta yako.

Ikithibitika kuwa ni CGNAT, omba anwani ya umma, ambayo kwa kawaida hulipiwa, au kodi seva ndogo yenye anwani ya umma na uiunganishe na ya nyumbani kwa WireGuard, ambayo ni aina ya VPN. Kwa maoni yangu njia hii ya pili inafaa zaidi, kwani hata ukibadilisha mtoa huduma huhitaji kuanza upya.

Hatua ya 2: Ichunguze seva yenyewe

sudo ss -tlnp
sudo ufw status

Katika amri ya kwanza, inayoorodhesha poti zinazosikilizwa, tafuta mstari wenye 443. Ukiona 127.0.0.1:443, huduma inajisikiliza yenyewe tu na hakuna kifaa kingine kitakachoifikia, inatakiwa 0.0.0.0:443 au *:443.

Amri ya pili, inayoonyesha kanuni za ngome ya seva, ndiyo yenye mtego. Kanuni inayoruhusu 192.168.1.0/24 pekee itafanya kila kitu kionekane kizima ukiwa nyumbani, lakini pakiti iliyoelekezwa na ruta kwa kawaida hufika ikiwa bado na anwani ya mtumaji wa nje, kwa hiyo ngome inaitupa kimyakimya. Ikiwa umekusudia kupokea watu wa nje, ruhusu wazi: sudo ufw allow 443/tcp.

Hatua ya 3: Soma kanuni ya ruta upya

Menyu yake huitwa Port Forwarding au Virtual Server. Hakikisha anwani ya ndani ni ile ambayo seva inayo leo, kisha uifungie kwenye DHCP (sehemu ya ruta inayogawa anwani) kwa kutumia anwani ya MAC (namba ya kadi ya mtandao ya seva) ili isibadilike umeme ukikatika na kurudi. Hakikisha pia aina ya usafirishaji ni TCP, si UDP. WireGuard, kwa mfano, hutumia UDP, kwa kawaida poti 51820.

Hatua ya 4: Jaribu ukiwa nje kweli

Ruta nyingi hazikubali kifaa cha ndani kuizunguka anwani ya umma na kurudi ndani, kwa hiyo jaribio la Wi-Fi halithibitishi lolote. Zima Wi-Fi ya simu, tumia data, na wakati huohuo kwenye seva endesha:

sudo tcpdump -ni any tcp port 443

Fungua anwani yako ya umma kwenye simu, kisha soma alama zilizo ndani ya Flags: [S] ni ombi la kuunganishwa, [S.] ni jibu la kukubali, na [R.] ni la kukataa. Pasipotokea kitu, pakiti imezuiwa kwenye ruta au kabla yake; wapo watoa huduma wanaofunga 25, 80 na hata 443 kwa wateja wa nyumbani, kwa hiyo elekeza 8443 ya nje kwenda 443 ya ndani ujaribu tena. Ikijirudia [S] bila jibu, ruta haina kosa na ngome ya seva ndiyo inayozuia. Ukiona [S] ikifuatwa na [R.], pakiti imefika lakini hakuna huduma inayosikiliza poti hiyo.

Hali inayosumbua zaidi ni [S] kuingia, [S.] kutoka, kisha zote mbili kujirudia. Seva inajibu, ila jibu linapita njia nyingine, mara nyingi kwa sababu seva ina VPN iliyobeba njia kuu. Andika ip route get ikifuatwa na anwani ya simu uliyoiona kwenye tcpdump. Likitokea tun0 au wg0, ambayo ni majina ya njia za VPN, badala ya kadi ya mtandao wa nyumbani, iondoe huduma hiyo kwenye VPN.

Hatua ya 5: Funga ulivyofungua

Zima DMZ na uirudishe ngome. Usielekeze kamwe 445 (kushiriki mafaili ya Windows) wala 3389 (kuiendesha Windows kwa mbali), na poti 22, ya SSH (kuiendesha seva kwa mbali), iache wazi tu ikiwa SSH inakubali funguo na kukataa nywila. Kama anwani yako ya umma hubadilika, weka DDNS (huduma inayolifanya jina lako lifuate anwani mpya), na siku huduma itakapopotea tena, linganisha kwanza jibu la dig +short (amri inayoonyesha anwani ya jina) la jina lako na anwani ya WAN kabla ya kuigusa kanuni.