Kutibu na kuzika tope la skraba bila kuliona likigeuka uji

Nimeandika haya baada ya kumwelekeza fundi mpya kwenye mtambo wa makaa ya mawe. Yanahusu skraba za maji, yaani mitambo inayoosha moshi wa makaa kwa maji na unga wa mawe ya chokaa ili kunasa gesi ya salfa dioksaidi.

Hatua ya 1: Jua una tope gani. Salfa dioksaidi ikinaswa na chokaa hutoa kalsiamu salfaiti. Ikipulizwa hewa ya kutosha, salfaiti hiyo hugeuka jasi (gypsum). Fuwele za jasi ni nene na huachia maji kirahisi. Za salfaiti ni vibamba vyembamba vinavyong'ang'ania maji, na hata baada ya kuchujwa karibu nusu ya uzito inaweza kuwa maji. Tope hilo hudanganya macho: kwenye lori linaonekana gumu, likishatikiswa njiani linafika shimoni likiwa uji.

Kipimo cha unyevu ndicho kinachokula saa za watu. Wengi hukausha sampuli kwa nyuzi 105 kama wafanyavyo kwa udongo. Kwa jasi usifanye hivyo. Takriban asilimia 21 ya uzito wa jasi safi ni maji yaliyofungwa ndani ya fuwele, na joto hilo huanza kuyatoa. Utasoma unyevu mkubwa kuliko uliopo, kisha uanze kufungua kichujio kisicho na kosa lolote. Kausha kwa nyuzi 45 hivi, pima, rudisha, pima tena hadi uzito usibadilike. Ndiyo, inachelewa. Vumilia. Ukipokea namba za maabara, uliza kwanza zilikaushwa kwa joto gani. Na usimwagie tope la salfaiti tindikali ndani ya chumba kisicho na hewa: gesi uliyoinasa kwa gharama hutoka tena.

Hatua ya 2: Puliza hewa, kama mtambo unaruhusu. Binafsi siioni sababu ya kuhangaika na salfaiti pale ambapo vipulizi vinaweza kufungwa chini ya tangi. Angalia pH (kipimo cha uchachu) ya tope: ikikaribia 6, salfaiti huyeyuka kwa shida na ugeuzaji hudorora. Jasi safi huuzwa kwa watengenezaji wa mbao za jasi na saruji, na hapo hakuna cha kuzika.

Hatua ya 3: Kamua. Tangi la kutuama kwanza, kisha kichujio cha mkanda.

Hatua ya 4: Salfaiti iliyobaki, igandishe. Changanya na majivu makavu ya moshi pamoja na chokaa iliyochomwa, asilimia chache tu. Tumia mashine ya kuchanganyia yenye mapanga. Kuchanganya kwa koleo la ekskaveta shimoni huacha mabonge ya tope bichi, nami sikubaliani nako hata kidogo. Jaribu uwiano kwa sampuli kabla, maana majivu hutofautiana kadiri ya makaa, kisha uache mchanganyiko ukomae kabla ya kuusambaza.

Hatua ya 5: Maji machafu yanayotolewa kwenye skraba na kwenye tope. Pandisha pH kwa chokaa, ongeza kemikali ya salfaidi kwa ajili ya zebaki, kisha kloridi ya chuma, na utuamishe. Seleni, elementi nyingine yenye sumu, ikiwa katika umbo la chumvi iitwayo selenati haishikwi hivyo, inahitaji bakteria. Kloridi na boroni hupita hatua zote hizi bila kushikwa.

Hatua ya 6: Zika. Chini weka udongo mfinyanzi ulioshindiliwa, juu yake utando wa plastiki, kisha mabomba ya kukusanya maji yanayochuruzika. Mwaga kwa tabaka za sentimita 30 hivi na ushindilie kila moja. Mvua ikinyesha, simamisha malori. Visima vya kupimia maji ya ardhini vichimbwe kabla ya lori la kwanza, vinginevyo hutakuwa na namba ya kulinganishia.