Kabla hujamwandikia mchapishaji kuhusu kitabu cha mtihani wa cheti

Ukikuta jibu lisilo sahihi kwenye kitabu cha kujiandalia mtihani wa cheti cha kiufundi, mkono huwasha kuandika palepale. Tulia kwanza. Mhariri anayepokea ujumbe wa "kitabu chenu kimejaa makosa" hana pa kuanzia, na mtahiniwa atakayekinunua mwezi ujao atakutana na kosa lilelile.

Anza na nakala uliyo nayo. Fungua ukurasa wa hakimiliki uandike ISBN, toleo na chapa. Vitabu vingi vina safu ya tarakimu kwenye ukurasa huo, na tarakimu ndogo kuliko zote iliyobaki ndiyo namba ya chapa. Toleo moja huweza kuchapwa mara kadhaa huku likirekebishwa, kwa hiyo kosa unaloliona huenda lilishaondolewa. Pitia pia orodha ya masahihisho kwenye tovuti ya mchapishaji, kama ipo.

Namba ya mtihani nayo isikupite. CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, kwa mfano, ilihama kutoka 200-125 kwenda 200-301 tarehe 24 Februari 2020, na mtihani mpya ukaja na eneo zima la otomatiki na uprogramu wa mitandao, lenye uzito wa asilimia 10. Mwenye kitabu cha mtihani wa zamani akilalamika kwamba eneo hilo halimo, anamwonea mwandishi.

Kazi ngumu ni kuhakikisha kwamba kosa ni la kitabu na si lako. Wengi tulifundishwa kuwa mtandao wa /31, yaani wenye anwani mbili tu, haufai kitu, kwa sababu anwani hizo mbili zinaliwa na mtandao wenyewe na brodikasti (anwani ya kufikishia ujumbe kwa vifaa vyote vya mtandao). Basi ukisoma kwamba ruta mbili zinaweza kuunganishwa kwa /31, utadhani mwandishi amepotoka. Hakupotoka: RFC 3021, hati ya kanuni za intaneti ya Desemba 2000, iliruhusu hivyo kwa viungo vya ncha mbili. Rudi kwenye hati rasmi kila mara, na kama jambo linajaribika maabara, lijaribu. Kukubaliana na wenzako watatu wa kikundi cha kujisomea si ushahidi, maana huenda nyote mlifundishwa kosa moja.

Niliwahi kukwama kwenye swali lililouliza anwani ya brodikasti ya kompyuta yenye 192.168.10.70/26. Kitabu kilijibu .95, yaani 192.168.10.95. Nikapiga hesabu upya: /26 hugawa kwa mafungu ya anwani 64, kwa hiyo 70 imo kwenye fungu la .64 hadi .127, na brodikasti ni .127. Ningeweza kuishia hapo. Lakini .95 ilinisumbua, kwa kuwa haikuwa namba ya kubahatisha. Nilipoweka /27 ikatoka yenyewe, kwa sababu fungu la 32 linaanzia .64 na kuishia .95. Nikaelewa kuwa huenda mtu alibadilisha swali akasahau jibu. Nikamwandikia mhariri hivi: ukurasa, namba ya swali, kilichoandikwa, kinachotakiwa, hesabu yenyewe, kisha sentensi moja kwamba jibu linalingana na /27 na maswali ya jirani yakaguliwe pia. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo naithamini zaidi, kwa kuwa kosa la aina hiyo mara nyingi lina ndugu zake.

Kuna mpaka mmoja ambao nakusihi usiuvuke. Kabla ya kuanza mtihani, mtahiniwa hukubali masharti ya kutotoa maswali nje. Masharti hayo hayaishi ukishafaulu, na kuyavunja kunaweza kukugharimu cheti. Kwa hiyo usimwandikie mchapishaji kwamba swali fulani lilitokea au halikutokea, hata kama nia yako ni njema kabisa. Shika orodha ya mada iliyotangazwa na watoa cheti, kisha uandike, "Mada hii imo kwenye orodha, lakini sura ya tano inaigusa kwa aya mbili tu." Hilo unaruhusiwa kusema na mhariri anaweza kulifanyia kazi. Malalamiko kuhusu mtihani wenyewe yapeleke kwa watoa cheti. Mchapishaji hana mamlaka juu yake.

Maoni si lazima yawe ya makosa. Mchoro unaotegemea rangi lakini umechapwa kwa weusi na weupe unastahili kuripotiwa, na vivyo hivyo maelezo yanayosema jibu B ni sahihi bila kueleza kwa nini A na C si sahihi. Kwa mtu anayejisomea peke yake hilo la pili linaumiza sana, maana hana mwalimu wa kumuuliza.

Andika haya unapoendelea kusoma, ukurasa kwa ukurasa, usingoje umalize mtihani. Baada ya mtihani utachanganya ulichokisoma kitabuni na ulichokiona kwenye skrini, na hapo ndipo watu huvuja siri bila kukusudia. Kwa kitabu cha kielektroniki, ambacho namba za kurasa hubadilika kufuatana na ukubwa wa herufi, taja sura, kichwa kidogo na maneno ya mwanzo ya aya, uambatishe picha ya skrini ya kitabu. Hifadhi nakala ya ujumbe pamoja na tarehe uliyoutuma, ili toleo jipya likitoka ujue pa kufungua kwanza.