Kabla ya kulipia hoteli ya kifahari mashambani Ufaransa
Anayetafuta hoteli ya kifahari ya kupumzikia majira ya joto katika vijiji vya Provence, kusini mwa Ufaransa, asitosheke na idadi ya nyota. Nyota hizo, kuanzia 1 hadi 5, hutolewa kwa miaka 5 baada ya kukaguliwa vifaa na huduma, lakini hazitakuambia kama chumba kilicho chini ya paa la kasri la kale kitalalika mwezi wa Julai. Kuta nene za mawe hupoza vyumba vya chini, ilhali vile vya darini huweza kufukuta hadi usiku wa manane, na si kila jengo la aina hiyo lina kiyoyozi. Kwa hiyo iandikie hoteli ukiuliza habari za chumba chenyewe utakacholala, si za hoteli kwa jumla.

Tarehe nazo zina uzito wake. Maua ya zambarau ya lavenda katika uwanda wa Valensole, huko huko Provence, kwa kawaida hupendeza zaidi kati ya mwishoni mwa Juni na katikati ya Julai, kisha huvunwa. Anayefika katikati ya Agosti, wakati Wafaransa wenyewe wako likizo na bei ziko juu, hukuta mashina yaliyokatwa. Uliza pia siku ambazo mgahawa wa hoteli hufungwa, maana kijijini huenda pasiwe na pengine pa kula. Treni ya mwendo kasi ya TGV kutoka Paris hufika Avignon, mji wa Provence, kwa muda usiotimia saa 3. Kutoka hapo, binafsi ningekodi gari.